Bahari Imechafuka, Nani Kaichafua?

Mpwa wangu alinijia Ijumaa baada ya sala akiwa na daftari lake la insha ya Kiingereza, uso umemkunjamana. Alikuwa ameandika kwamba babake hakwenda kuvua wiki nzima kwa sababu bahari ilikuwa "turbulent". Mwalimu akalipitishia neno hilo kalamu nyekundu, juu yake akaandika "rough", na alama akazipunguza.

"Mjomba, nimelitazama kwenye kamusi na limo," akaniambia. "Sasa kosa langu ni lipi?"

Nilimjibu harakaharaka kwamba hakukosea, mwalimu ndiye aliyezidisha ukali. Usiku nikalala nalo, na asubuhi nikaona kwamba nilikuwa nimempendelea kijana wa dada yangu, basi. Mwalimu alikuwa na lake. Ila hakulieleza, na nashuku hakulieleza kwa sababu kulijua neno hili ni rahisi kuliko kulieleza.

Mwingereza akisimama hapa ufuoni Malindi mwezi wa Julai, upepo wa kusi unavuma, mawimbi yanapasukia mwambani na ngalawa zimepandishwa mchangani, atasema bahari ni "rough". Hilo ndilo neno la kinywani. "Turbulent" ni neno la kitabuni, la taarifa ya habari, la mhadhara wa historia. Wenyewe hulibandika zaidi kwenye vitu visivyoshikika: miaka, ndoa, utoto, siasa, soko la fedha. Wakilirudisha kwenye maji au hewa, mara nyingi msemaji ni rubani au mwanasayansi. Sentensi ya mpwa wangu basi ilikuwa sahihi kwa namna ile ya mtu aliyekwenda sokoni kununua nyanya amevaa joho. Vazi ni zuri, limeshonwa likashoneka, lakini wauza nyanya wanageuka kumtazama.

Na hata huko kunakolifaa, neno lenyewe lina masharti. Halitaki tukio moja. Kofi moja halifanyi ndoa kuwa "turbulent", wala talaka iliyotolewa mara moja na watu wakaenda zao. Ile ya kuachana na kurudiana, wazee kuitwa, wiki mbili za mahaba kisha sufuria kurushwa barazani, wazee kuitwa tena, hiyo ndiyo. Lazima pawe na kupanda na kushuka, muda upite, na anayetazama asiweze kukisia kesho itakuwaje. Wimbi kubwa linalokuja kwa mpangilio, moja baada ya jingine kama watu wa msafara, linaweza kukutia hofu na bado lisistahili neno hili. Linalistahili pale linapogonga mwamba na kuvunjika, povu likawa halijui liende wapi.

Neno hili lina jirani zake, na wanafunzi wetu huwachanganya. Kuna "tumultuous", ambalo shina lake la Kilatini linakaribiana na lile la kuvimba, kama unga wa mandazi unavyoumuka. Ndani yake mna sauti ya watu wengi, ndiyo maana makofi ya ukumbi mzima yanaweza kuwa "tumultuous" na yakawa jambo la furaha. Makofi hayawi "turbulent". Halafu kuna "tempestuous", la dhoruba, ambalo hupenda zaidi hasira na mapenzi ya watu. Hili limezaliwa na neno la Kilatini lenye maana ya wakati: wakati ukawa majira, majira yakawa hali ya hewa, hali ya hewa ikawa tufani. Nalipenda kwa sababu huku kwetu safari kama hiyo ilifanyika kwa njia nyingine. Waarabu wana "mawsim", yaani majira. Sisi tukalichukua likawa msimu, Wareno wakalichukua, na kutoka kwao Waingereza wakapata "monsoon", yaani upepo wenyewe. Vasco da Gama aliyeng'oa nanga hapa Malindi Aprili 1498 alivuka hadi Calicut, huko India, kwa siku ishirini na kitu kwa sababu alipewa nahodha aliyejua upepo na wakati wake. Aliporudi hakuungoja msimu. Safari ile ile ikamla miezi mitatu na mabaharia wengi, akafika Malindi Januari 1499.

Nirudi kwa "turbulent". Sipendi makala zinazokimbilia Kilatini kila pakitajwa neno la Kiingereza, lakini nimeshakimbilia mara moja, acha nimalize. "Turba" ni umati uliovurugika, na "turbare" ni kuvuruga, kutibua. Kwenye ukoo huo huo yumo "turbid", neno la maji yaliyojaa tope, yamo "disturb" na "trouble", na yumo hata tabaini inayozunguka katika mitambo ya umeme. Ukiwaweka ndugu hawa pamoja unaona picha moja: maji yaliyokuwa yametuama, kikaingia kitu kikazungushwa, tope la chini likapanda juu.

Na hapo ndipo nilipojua kwamba Kiswahili hakihitaji kuazima kitu. Sisi tunasema bahari imechafuka, na mgeni kutoka bara akisikia hivyo hudhani tumetupa plastiki. Hakuna takataka. Upepo umekoroga, mchanga umepanda, rangi imegeuka, wavuvi wamerudi. Tunasema mambo yametibuka, na kutibua ndiko kule kutia mguu kidimbwini mpaka tope linyanyuke. Tunasema vurugu, kutoka kuvuruga. Gazeti likiandika machafuko, msomaji anaona mawe na moshi wa matairi, wala hakumbuki tena kwamba neno hilo ni ndugu wa lile la maji yaliyopoteza weupe wake. Mrumi na Mswahili, bila ya kuonana, waliinama juu ya dimbwi lile lile.

Watu wa Malindi tuna sababu yetu ya kulielewa hili kuliko wengine. Kaskazini kidogo mwa mji unamwagika mto Sabaki, ambao huko juu ulikuwa Athi, halafu ukawa Galana, na kila ulikopita umeokota udongo. Msimu wa kaskazi mkondo wa bahari unausukuma udongo huo kusini, na ghuba yetu inakuwa ya rangi ya chai ya maziwa. Wageni walioona picha za maji ya buluu wananung'unika hotelini. Matumbawe ya hifadhi yetu ya bahari, iliyotengwa tangu 1968, hayaupendi udongo huo hata kidogo. Lakini mvuvi wa kamba hanung'uniki: kamba wanapenda maji hayo hayo, na anayewatafuta kwenye maji meupe anapoteza mafuta ya boti. Kuchafuka kwa huyu ni riziki ya yule. Kiingereza kikiyaita maji haya "turbid" kinasema kweli. Kikiyaita "turbulent" siku ambayo yamelala kimya na udongo wake, kimekosea.

Kisha tuna Waitaliano, na vijana wa ufuoni waliojifunza Kitaliano kwa kusikia tu, bila ya kukanyaga darasa. Nahodha wa boti ya sakafu ya kioo akikataa kupeleka watu matumbaweni, hamwambii mgeni habari ya "turbolento", ingawa Kitaliano kina neno hilo. Anamwambia "mare mosso". Tafsiri yake kavu ni bahari iliyosogezwa, iliyotikiswa. Hebu lione hilo: Mtaliano naye, akiwa ufuoni na hana muda wa kujipamba, haitaji sifa ya bahari. Anataja kilichoipata.

Hili ndilo lililoninyima usingizi. "Turbulent" ni kivumishi. Kinasema kitu kikoje, na kinakaa juu ya jina kama muhuri: miaka "turbulent", eneo "turbulent", watu "turbulent". Imechafuka ni kitenzi, tena chenye "-me-" inayokuambia kwamba kuna kabla. Jana haikuwa hivi. Na kwa kuwa imechafuka, yaweza kutulia. Maji yaliyotibuka yaweza kutuama. Lakini utamu wenyewe umo kwenye ile "-k-" ya mwishoni. Ukiitoa, unabaki na chafua, tibua, na papo hapo sentensi inadai mtenda: nani? Mwingereza akitaka kuuliza hivyo inambidi aliache neno lake na kutafuta jingine, kwa sababu udugu wa "turbulent" na "disturb" umesahauliwa na wote ila wenye kamusi. Sisi tunabadilisha silabi moja tu.

Nisije nikajigamba kupita kiasi. Kiswahili kina vivumishi vyake vya msukosuko. Washairi wa zamani wa kisiwa cha Pate waliiita dunia bahari tesi, yaani yenye msukosuko, na "tesi" hapo inafanya kazi ile ile ya kusema bahari ikoje, bila ya kabla na baada. Tena kuna methali kwamba bahari haishi zinge, na katika zinge mimi naisikia zinga, kule kuzunguka kwa maji, jambo ambalo halina mkosaji wala mwisho. Bahari ndivyo ilivyo. Wahenga walijua kwamba si kila wimbi lina mtu wa kulaumiwa.

Wala chafuka haifai kila mahali. Mtoto aliyechafuka anahitaji sabuni. Tumbo likichafuka, unatafuta tangawizi. Na ndani ya ndege, rubani anapotangaza "turbulence" juu ya Tsavo na vikombe vinaruka, ukimwambia jirani yako kwamba hewa imechafuka anaweza kufunika pua na kukutazama vibaya, maana watu wa mzaha wamelifanya tamko hilo kuwa la jambo jingine kabisa. Hapo msukosuko unafaa. Limetoka kwenye kusukasuka, kama maziwa kwenye kibuyu, na kila aliyefunga mkanda kwenye ndege ndogo ya Nairobi hadi Malindi saa nane mchana anajua kwamba kibuyu ni yeye.

Kwa hiyo sina ugomvi na msukosuko wenyewe. Ugomvi wangu ni na ile "yenye misukosuko" ya magazetini. Mtafsiri amekutana na "turbulent", saa yake ya kupeleka kazi imekaribia, anaandika nyakati zenye misukosuko, eneo lenye misukosuko, historia yenye misukosuko, anakwenda kunywa chai. Amebeba kivumishi cha watu pamoja na tabia yake ya kuficha, akaiacha nyumbani faida aliyopewa na lugha yake.

Chukua mfano wa hapa. Ukiandika kwamba 1913 na 1914 ilikuwa miaka yenye misukosuko katika nchi ya Wagiriama, hakuna atakayekubishia, na hakuna aliyejifunza kitu. Sasa jaribu kitenzi. Nani alitibua? Serikali ya Waingereza ilitaka kodi ya nyumba. Ilitaka vijana wakafanye kazi kwenye mashamba ya wengine. Ilitaka Wagiriama waondoke ng'ambo ya kaskazini ya Sabaki, mto huu huu, ambako walikuwa wakilima na kupata chakula cha kutosha na cha kuuza. Mekatilili wa Menza, mwanamke wa Kigiriama, akawakusanya watu wakala kiapo. Akakamatwa 1913 pamoja na mzee Wanje wa Mwadorikola, wakahamishiwa Kisii, mwaka uliofuata wakatoroka. Agosti 1914 Kaya Fungo, kitovu cha ibada na mamlaka ya Wagiriama, ikalipuliwa kwa baruti. Yote hayo yanaingia ndani ya "turbulent" na mlango unafungwa. Sanamu ya mama huyo imesimama hapa mjini katika Bustani ya Uhuru, na watoto wanaopiga picha hapo wanastahili sentensi yenye mtenda.

Na hapa kuna jambo jingine la neno hili ambalo kamusi za wanafunzi hazilitaji: likibandikwa mtu, mara nyingi linambandika asiyetii. Waingereza wana kisa chao maarufu cha mfalme Henry II na Askofu Mkuu Thomas Becket, aliyeuawa ndani ya kanisa lake la Canterbury tarehe 29 Desemba 1170. Masimulizi yanamfanya mfalme alalamike, je, hakuna wa kumwondolea kasisi huyu "turbulent"? Maneno kamili aliyoyatamka yamepitia vinywa vingi na hatuna haja ya kuyaapia, lakini kivumishi kimedumu na kisa, na kimedumu kikiwa upande wa mfalme. Becket alikuwa na madai juu ya haki za kanisa. Neno halikusema madai gani. Lilisema tu kwamba anachafua utulivu, bila ya kuuliza utulivu huo ulikuwa wa nani.

Ningeitafsirije hiyo? Aliyechafuka haiwezekani, nimeshaeleza habari ya sabuni. Mwenye misukosuko ni mtu aliyepatwa na matatizo, kinyume kabisa. Mkorofi linakaribia. Lakini mimi ningechagua mtukutu, kutoka kutukuta, kule kutikisika kwa asiyekaa akatulia. Ni neno tunalowaambia watoto. Ndivyo mfalme alivyomwona askofu wake, na ndivyo watawala wengi wanavyowaona watu wazima wenye hoja.

Wanasayansi peke yao ndio walioliosha neno hili likawa halina lawama. Washa udi kwenye chetezo ndani ya chumba kisicho na upepo, utazame moshi. Mwanzo unapanda umenyooka kama uzi. Kiasi cha shubiri moja au mbili juu, uzi unayumba, kisha ghafla unafumuka, vinakuwa vizingo ndani ya vizingo na hakuna kinachofanana na mwenzake. Sehemu ya chini ni mtiririko tulivu, ya juu ndiyo "turbulent". Fungua mfereji kidogo na maji yanashuka kama kijiti cha kioo. Ongeza, yanakuwa meupe na kelele. Mwaka 1883 mhandisi Osborne Reynolds, akiwa Manchester, alipitisha uzi wa rangi ndani ya maji kwenye bomba la kioo na kuonyesha kwamba mgeuko huo hauji ovyo. Unategemea kasi ya maji, upana wa bomba na mnato wa maji yenyewe, vikiunganishwa katika namba moja ambayo leo ina jina lake. Kwenye bomba, namba hiyo ikiwa chini ya 2000 hivi maji hubaki na utulivu wao. Reynolds mwenyewe hakuuita mwendo ule wa pili "turbulent", jina hilo lilishika baadaye, na nadhani aliyelichagua alikuwa amesoma historia pamoja na hesabu.

Tunajua mgeuko unatokea lini. Kinachotokea ndani yake bado ni kitendawili. Mwaka 2000 Taasisi ya Hesabu ya Clay nchini Marekani ilitaja mafumbo saba na kuweka zawadi ya dola milioni 1 kwa kila moja, na mojawapo linahusu milinganyo ya Navier na Stokes inayoeleza mwendo wa vitu vinavyotiririka. Zawadi hiyo haijachukuliwa na mtu. Moshi wa udi wa bibi yangu umewashinda.

Katika lugha hiyo ya maabara, "turbulent" hata ni baraka. Bila ya vizingo vile, sukari uliyoitia kwenye chai ingejisambaza polepole mpaka chai ipoe, na kijiko tunachokorogea ndicho kinachotengeneza machafuko ya kusaidia. Udongo wa Sabaki usingefika kwa kamba.

Jumapili nilimwita mpwa wangu tukatembea hadi mdomoni mwa mto. Si mwendo mfupi, na alilalamika njia nzima. Tukafika maji yanakupwa, mto unatoka kwa nguvu na mawimbi yanaingia kwa nguvu, vikakutana juu ya fungu la mchanga. Upande wa mto palikuwa kahawia, pametulia. Nje kabisa palikuwa na mawimbi marefu yaliyopangika. Katikati hapakuwa na mpangilio wa aina yoyote, maji yanaruka juu yenyewe kwa yenyewe.

"Pale mtoni, Mjomba, niandike nini?"

"Turbid."

"Na kule nje?"

"Rough. Mwalimu wako atafurahi."

Akanyoosha kidole pale katikati, kimya, akanitazama kwa jicho la anayekumbuka alama zake.

"Pale," nikamwambia, "liandike lile lako. Akilikata tena, mwambie aje nimlete hapa."